Pindua jani kwanza kabla hujapiga dawa ya vidukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, najua wakulima wenzangu wa machungwa huku Muheza watanielewa na pengine hata wa malimao na maembe huko kwingine. Masika yameanza, michungwa inachipua, na vidukari wamekuja na chipukizi kama kila mwaka, wengine wanawaita wadudu mafuta, wale weusi wadogo wanaojazana kwenye ncha ya tawi changa mpaka majani yanajikunja. Na mabomba ya kupulizia nayo yametoka stoo. Kuna mtu wa duka la pembejeo, simtaji, amekuwa akiwaambia watu huku wapige dawa kila baada ya siku saba mpaka machungwa yafike ukubwa wa ndimu, na watu wanatii, wengine wamekopa hela ya hiyo dawa kwa ahadi ya kulipa wakivuna. Ninachoomba kusema ni kitu kimoja tu, kabla hujapiga pindua jani uangalie, kwa sababu wanaokula vidukari tayari wapo shambani kwako, hujawanunua na hawakudai kitu, na dawa nyingi tunazouziwa zinawamaliza hao kuliko zinavyowamaliza vidukari.

Nianze na kidukari mwenyewe, maana ukimjua nusu ya hofu inakwisha. Kidukari wa mchungwa jani gumu haliwezi. Mdomo wake ni sindano, anafyonza maji ya mti, na anataka tawi laini tu, lile la kijani mpauko ambalo ukilikunja halikatiki. Ndo maana kiangazi humwoni, unamwona masika na vuli mti unapochipua. Huku kwenye joto wote ni majike, dume hawamhitaji, wala hawatagi, wanazaa watoto hai, na mtoto akifikisha wiki hivi na yeye anaanza kuzaa, kwa hiyo leo unaona kumi na wiki ijayo tawi zima ni jeusi na wewe umechanganyikiwa. Sawa. Lakini hilo tawi halibaki laini siku zote, wiki ya tatu ya nne majani yanakomaa, na hapo vidukari wanaanza kuota mabawa wanahama wenyewe. Sasa mtu anayepiga dawa wiki ya nne, akiona wamepungua anasema dawa imefanya kazi, kumbe walikuwa safarini tayari. Hela imekwenda, na wale wengine ninaotaka kuwaongelea wamekufa bure.

Chukua tawi moja lenye vidukari, lisogeze karibu na macho, tulia nalo kidogo usiwe na haraka. Utaona mdudu kibibi, yule mviringo mwekundu au wa manjano mwenye madoa meusi, huyo hata watoto wanamjua wanamchezea. Tatizo ni buu lake, halifanani naye hata kidogo, ni refu, jeusi, lina alama za rangi ya chungwa mgongoni, miguu sita, ngozi yenye vijimiba, linatembea kwenye jani kama mamba mdogo. Ukimtazama kwa mara ya kwanza utaapa huyu ndo adui. Lakini huyo ndo mlaji mkubwa, mpaka ageuke mdudu kamili anakuwa ameshakula vidukari mamia. Mayai yake ni ya manjano, yamesimama wima yamebanana kikundi kimoja chini ya jani, karibu kabisa na vidukari, maana mama yao hatagi pasipo na chakula.

Alafu angalia ubavuni mwa mshipa wa jani, utaona kitu kimelala bapa, hakina miguu, hakina kichwa cha kueleweka, rangi ya kijani iliyofifia mpaka unaona matumbo ndani. Hilo ni buu la nzi-maua, yule nzi mwenye mistari ya manjano na nyeusi ambaye watu wanamdhania nyuki, anayeweza kusimama hewani bila kusogea mbele ya ua. Nzi mwenyewe anakula mbelewele na asali ya maua tu, lakini buu lake ukilikuta linafanya kazi hutasahau. Linapapasa huku na huku kama halioni, na kweli halioni, likimgusa kidukari linamnyanyua juu hewani miguu inapiga piga, linamfyonza palepale mpaka inabaki ngozi tupu, linaitupa, linapapasa tena. Buu moja kama hilo linaweza kumaliza vidukari 400 kabla halijageuka. Na bado hujamwona yule wa kijani mwenye mabawa mepesi ya wavu ambaye usiku anakuja kwenye taa, mayai yake yananing'inia kila moja kwenye uzi wake mwembamba, na buu lake lina taya mbili zilizopinda mbele, huyo hana huruma kabisa.

Kuna na vinyigu. Hivi ni vidogo mno, macho ya mtu mzima yanahangaika kuviona, havina habari na binadamu, having'ati mtu. Kinachofanyika ni kwamba kinyigu kinamchoma kidukari kinaweka yai ndani yake, yai linaanguliwa mle mle, buu linakula kidukari kutokea tumboni. Utajuaje? Utaona katikati ya vidukari weusi kuna wengine wamevimba, wamekuwa na rangi ya kahawia, wamekauka, hawatikisiki hata ukiwagusa. Ukiona na kitundu cha duara mgongoni ujue kinyigu kimeshatoka kimekwenda kutafuta wengine. Mtu akiona hao waliovimba kwenye shamba lake angepaswa afurahi, lakini nani alishatuambia?

Nasema hivyo kwa sababu hivi karibuni nilipita kwa jirani yangu, mama mmoja ana michungwa ya Msasa na Valensia, nikamkuta kijana anayemsaidia palizi anatembea mti kwa mti anabonyeza yale mabuu meusi kwa vidole, na bomba liko pembeni limeshajazwa linasubiri. Nikamwuliza unafanya nini mdogo wangu. Akasema, "Hawa ndo wanaomaliza majani kaka, ona walivyo wabaya." Nikachukua buu moja nikaliweka kwenye jani lenye vidukari nikamwambia tukae hapa tuone. Halikumaliza hata muda wa kuongea, likamkamata wa kwanza likala, likashika wa pili. Kijana akanyamaza, akaita, "Mama, njoo uone." Mama wa watu akaja akainama pale na miwani yake akaangalia kwa muda mrefu, alafu akauliza swali ambalo mimi sina jibu lake, akasema sasa baba miaka yote hii nimelima machungwa, mabwana shamba wamepita, wauza dawa wamepita, mbona hakuna aliyenionyesha hiki?

Sasa nije kwenye dawa zenyewe. Zinazotembea sana huku ni za jamii ya pairethroidi, saipamethrini na lambda-saihalothrini, na zile za mchanganyiko zilizotiwa profenofosi. Hizi zinaua kila mdudu anayeguswa. Kidukari amejificha ndani ya jani lililojikunja, sehemu ya dawa haimfikii, lakini mdudu kibibi na mabuu yake wanatembea juu ya matawi usiku na mchana, wanakanyaga dawa kila wanapopita, na hata waliopona wanakosa chakula au wanakula vidukari vyenye sumu. Baada ya hapo ni hesabu tu. Vidukari wachache waliobaki ndani ya wiki wanazaa tena, wakati mdudu kibibi kutoka yai mpaka awe kamili anahitaji kama wiki tatu hata kwenye joto letu. Kwa hiyo kidukari anarudi kabla ya mlaji wake, anakuta shamba halina mwenyewe, na wewe unarudi dukani. Kile kipimo cha kila siku saba kinatokana na hapo hapo, ukishaanza huwezi kuacha. Alafu baada ya miezi unaona utitiri, unaona magamba kwenye mashina na matunda, wadudu ambao zamani hukuwajua, kwa sababu na wao walikuwa na walaji wao na umewaua pamoja.

Na kuna hili la rangi kwenye lebo, naomba lieleweke. Nimewasikia watu wanasema dawa yenye mkanda wa kijani haina madhara, wengine wanachagua ya njano badala ya nyekundu wakidhani wameokoa shamba. Ule mkanda unaongelea sumu kwa mtu anayeishika au kuinywa. Hauongelei mdudu kibibi wala nyigu. Dawa inaweza kuwa ya mkanda mpole na ikasafisha wadudu rafiki wote kwenye ekari nzima.

Wapo watakaosema hizi ni hadithi za kwenye vitabu, wadudu hawawezi kuokoa shamba. Mimi nawaomba wasome historia ya machungwa yenyewe. California Marekani miaka ya 1880 wakulima walikuwa wanang'oa na kuchoma michungwa kwa sababu ya mdudu mmoja wa magamba meupe kama pamba, si kidukari lakini ni jamii yake, anafyonza vilevile na anatoa mkojo mtamu vilevile. Alikuwa ametokea Australia bila walaji wake. Mwaka 1888 wakamtuma mtu anaitwa Albert Koebele kwenda huko huko Australia kutafuta nani anamla huyu mdudu kwao, akamkuta mdudu kibibi mdogo mwekundu na mweusi, akawatuma kwa meli, wa mwanzo waliofika Los Angeles walikuwa 129 tu. Wakafunika mchungwa mmoja kwa hema wakawaachia humo, walipomaliza mti huo hema likafunguliwa upande mmoja wakasambaa wenyewe, wakulima wakawa wanakuja kukata matawi yenye wadudu kupeleka kwao. Mwaka 1889 haujaisha, kilimo cha machungwa kilikuwa kimepona. Lakini sehemu inayonigusa mimi ni ya baadaye, miaka ya 1940 ilipokuja DDT wakaipiga kwenye michungwa hiyo hiyo kwa ajili ya wadudu wengine, yule mdudu kibibi akafa, na mdudu wa pamba akarudi mashambani kwa nguvu baada ya zaidi ya miaka 50 ya utulivu. Dawa ndo ilimrudisha.

Tusiende mbali. Kenya wenye kahawa walihangaika tangu miaka ya 1920 na vidung'ata vyeupe, wale wadudu wafyonzaji wenye nta nyeupe kama unga mwilini, wakatafuta walaji wake mpaka Asia wakakosa, kumbe mdudu alikuwa wa Uganda hapo jirani, mwaka 1938 wakaleta vinyigu kutoka Uganda na tatizo likashuka. Na sisi wenyewe Watanzania tumekula mihogo iliyookolewa na nyigu, wazee wanakumbuka kidung'ata cha mihogo cha miaka ya 80 mashina yakawa mafupi yamejikunja juu, watu wakaogopa njaa, kilichotuokoa ni kinyigu kilichotolewa Paraguay na kuachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981 kisha nchi moja baada ya nyingine, kazi iliyoongozwa na Hans Herren ambaye baadaye alikuja kuongoza ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 1995. Hakuna mkulima wa muhogo aliyeuziwa kile kinyigu. Wengi hata hawajui kama kilipita shambani kwao.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye sisimizi maana hapa ndo kwenye siri, na watu wanaosifia wadudu rafiki mara nyingi hawasemi. Vidukari wanakunya maji matamu, ndo yale yanayodondoka kwenye majani yanang'aa na kunata, na juu yake unaota ule ukungu mweusi wa masizi unaofanya dalali wa Nairobi au wa Dar aangalie chungwa lako na kukupa bei ya kulikataa. Sisimizi wanayapenda hayo maji kupita kiasi. Wanapanda mti mstari mrefu, wanawagusa vidukari kwa papasi zao wanakunywa, na kwa ajili ya kulinda hicho kinywaji wanamfukuza mdudu kibibi, wanabeba mayai yake, wanang'ata mabuu, vinyigu wanavisumbua visitage. Kwa hiyo unaweza kuwa hujapiga dawa hata tone na bado walaji wasishike, unabaki unasema wadudu rafiki ni uongo. Angalia shina kwanza. Ukiona barabara ya sisimizi inapanda na kushuka, dawa yako ipo pale kwenye shina wala haipo kwenye majani.

Cha kufanya ni kuwakatia njia. Funga shina kwa kitambaa au nailoni upana wa kiganja, bana vizuri wasipite chini yake, alafu paka grisi juu ya hiyo nailoni, usipake kwenye ganda la mti moja kwa moja maana ganda linaungua hasa kwa mti mdogo. Ukishafunga zunguka mti, kata matawi yanayogusa chini, ng'oa majani marefu yanayoegemea tawi, maana wakipata daraja moja tu kazi yote imekufa. Wakulima wa kahawa Kenya walikuwa wanafunga mikahawa yao hivyo hivyo zamani kabla hata ya hizi dawa. Na grisi inakusanya vumbi inakauka, inabidi urudie wakati wa chipukizi. Ni kazi, sikatai, lakini ni kazi ya mikono na kopo la grisi, siyo ya mkopo.

Swali linalokuja hapo hapo ni majimoto, yule sisimizi wa juu ya miti anayeshona majani kuwa kiota. Huyu kwa kweli ana pande mbili na watu wanagombana juu yake. Ni kweli anafuga vidukari na magamba naye, na wavunaji wanamchukia kwa jinsi anavyong'ata, wengine wanachoma viota vyake kwa moto. Lakini majimoto ni askari wa wadudu wakubwa, kunguni wanaotoboa matunda na nzi wa matunda hawamzoei. Zanzibar miaka ya 1950 ilishaonekana kwamba minazi yenye majimoto inaangusha vidaka vichache kwa sababu yule mdudu anayeviharibu hakai, na kusini kwenye korosho watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamemfanyia kazi sana kwa ajili ya yule mdudu mfyonzaji anayeitwa mbu wa mikorosho. Wachina nao kwenye maandishi ya mwaka 304 walishaeleza viota vya majimoto wa kwao vikiuzwa sokoni kwa wenye michungwa. Kwa hiyo mimi ushauri wangu kwa mti mkubwa wenye majimoto, muache. Utavumilia vidukari kidogo upate matunda yasiyotobolewa. Kwa mti mdogo wa mwaka wa kwanza na wa pili mzuie asipande. Wale sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaokaa ardhini chini ya mti hao sioni faida yao hata moja juu ya mchungwa, na ndo wanaompiga vita majimoto mwenyewe.

Mtu mwingine ataniuliza sasa tukanunue wapi hao wadudu kibibi. Kenya kwenye mashamba ya maua huko Naivasha na Thika wananunua wadudu na utitiri rafiki wanaofugwa, lakini yale mengi ni mabanda yaliyofungwa, mdudu hana pa kwenda. Kwenye shamba la wazi ukimwaga wadudu kibibi ulionunua, kesho wengi wamesharuka wamekwenda kwa jirani. Faida ipo kwenye kuwafanya walioko wakae. Na wanakaa kwa sababu mbili tu, chakula na amani. Nzi-maua na vinyigu waliokomaa wanahitaji maua, kwa hiyo usilime shamba mpaka udongo uwe mtupu kila mahali, acha mstari mmoja kati ya miti majani yatoe maua, fyeka kwa zamu usifyeke yote siku moja, panda giligilani pembeni ukaiache ichanue, panda kunde kati ya michungwa midogo. Watu wanaogopa kunde kwa sababu zinapata vidukari weusi nazo, lakini wale wa kunde kwa kawaida siyo wanaotusumbua kwenye machungwa, na wadudu kibibi wanazaliana kwa wingi humo, mchungwa ukichipua wapo karibu tayari.

Punguzeni na urea jamani. Ukimwaga mbolea ya chumvi chumvi nyingi kwa mara moja mti unatoa matawi laini marefu kwa fujo, yale maji maji, na hiyo ni karamu ya vidukari. Ni heri ugawanye kidogo kidogo, uweke na samadi, na yale machipukizi yanayotoka chini kwenye shina la limao yakate mapema, hayana tunda na yanakuwa kitalu cha vidukari.

Sitaki nionekane napinga dawa zote, hapana. Mti mkubwa wenye afya unaweza kuvumilia vidukari msimu mzima na ukazaa vizuri tu, majani machache yakajikunja basi. Mche mdogo ni habari nyingine, ukifyonzwa ncha zote unadumaa, na kwenye kitalu ni hatari zaidi kwa sababu huyu kidukari mweusi ndo anayebeba kirusi cha tristeza, kile kilichoua michungwa kwa mamilioni Brazil na Argentina kuanzia miaka ya 1930 kwa sababu waliibebesha, yaani waliiunganisha, kwenye shina la mdanzi, ule mchungwa wa matunda machungu. Sisi kubebesha kwenye mlimao kunatusaidia, unavumilia hicho kirusi, lakini lazima na kikonyo cha kubebeshea kitoke kwenye mti usio na ugonjwa, maana kidukari anaambukiza ndani ya muda mfupi wa kufyonza, mdudu kibibi hawezi kumwahi hapo na sitaki kumdanganya mtu. Kwa hiyo kitalu kifunikwe kwa neti na kiangaliwe kila siku. Na ikibidi kupiga kwenye miche, anza na maji ya nguvu kuwaangusha, au sabuni ya maji kidogo kwenye maji, ijaribu kwanza kwenye matawi machache uone kama haiunguzi, piga jioni, na lenga ncha zenye vidukari tu. Mwarobaini nao tunao kila kona ya Tanga, mafuta yake au mbegu zilizotwangwa zikalowekwa usiku yana nafuu kubwa kwa wadudu rafiki kuliko zile za dukani. Sabuni ikikauka imekwisha kazi, mdudu kibibi anayefika kesho yake hadhuriki, hiyo ndo tofauti kubwa.

Na kabla ya kupiga chochote hesabu. Tembea, angalia matawi kwenye miti tofauti ya shamba, siyo mti mmoja wa njiani. Ukiona vidukari na mabuu na waliovimba wa kahawia pamoja, subiri wiki moja urudi hapo hapo uangalie. Ukikuta vidukari peke yao, hakuna mlaji hata mmoja, hakuna sisimizi, na chipukizi bado ni changa sana, hapo una sababu ya kufikiria sabuni. Wengi wetu tunapiga kwa sababu jirani amepiga na tumesikia mlio wa bomba.

Maombi yangu ni haya. Kwa halmashauri, mabwana shamba wetu najua mmoja anabeba kata nzima na pikipiki haina mafuta, lakini hata mkutano mmoja wa chini ya mchungwa masika yanapoanza unatosha, watu wakaonyeshwa kwa macho buu la mdudu kibibi na la nzi-maua, haihitaji projekta wala posho ya ukumbi. Kwa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, nimeona lebo zinazotaja nyuki na samaki, naomba lebo za dawa za matunda ziwe na mstari wa Kiswahili wa herufi zinazosomeka unaosema dawa hii inaua au haiui wadudu wanaokula wadudu, na wauza pembejeo wanapopewa mafunzo ya kibali waulizwe hilo swali. Muuzaji ambaye hawezi kutofautisha buu la mdudu kibibi na kiwavi anawezaje kumwandikia mkulima dawa?

Na kwako Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo unasomwa sana huku, unabandikwa mpaka kwenye kuta za vibanda tunapopakilia machungwa kwenye fuso. Naomba mtoe picha, siyo ya mdudu kibibi mkubwa mwekundu, huyo tunamjua. Toeni ya buu lake, ya mayai yake ya manjano, ya buu la nzi-maua, na ya kidukari aliyevimba mwenye kitundu mgongoni, zote za rangi na kubwa. Na kama mtaongeza ya tano iwe ya yule mdudu kibibi mdogo ambaye buu lake limejaa nta nyeupe mwili mzima, maana huyo tunamuua kila siku tukidhani ni kidung'ata, wakati ukimgusa anakimbia na kidung'ata hakimbii. Mkizitoa kabla ya mvua za vuli, chipukizi la pili litatukuta tunawajua.

Wako,
Mkulima wa machungwa,
Muheza, Tanga.